Kwa Ephantus Njuguna wa Roret, Ambaye Picha Yake Bado Iko Ukutani Bomet

Ni mwaka mmoja sasa, Ephantus, tangu tukulaze kwenye udongo wa Roret, upande wa juu wa shamba, pale ulipopenda kusimama asubuhi kuangalia kama majani yamefika ya kuchumwa. Tungependa kuandika maneno matamu tu. Lakini Magdaline wako ana kinyaa, kinyaa cha kumkatia hamu ya chakula, na ametuambia tusikipake asali.

Kwanza yale mazuri, maana ni mengi. Ulikuwa mtu wa kubeba. Baba yako alipohamia huku kutoka Murang'a ulikuwa kijana, na tangu hapo kikapu cha chai hakikubanduka mgongoni mwako. Mama yeyote aliyechelewa kwenda senta kupima majani alijua kwamba ukishafikisha chako, utarudi kuchukua chake. Jirani yako Kipngeno anasema hakuwahi kukusikia ukiuliza kwanza ni cha nani.

Hukunywa chai bila tangawizi, tena nyingi ya kuchoma koo. Ng'ombe alikula kabla yako. Kanisani uliimba sauti ya chini, na mgongo ulipokuzidi uliimba umeshikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili, Magdaline akijifanya hajaona.

Mgongo wako uliisha polepole. Hakuna siku tunayoweza kuitaja tukasema ni hii. Vile vitu laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo vilisagika mwaka baada ya mwaka, mpaka ukawa unainama hata ukiwa hujabeba kitu. Dorcus, kifungua mimba wako, akakupeleka Nakuru kwa kairoprakta, mtaalamu aliyesomea kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Mtaalamu huyo, dada mmoja, akaangalia eksrei, akakugonga magoti, akakupapasa nyayo, halafu akakataa kukunyoosha. Alisema mishipa ya fahamu imebanwa na mikono yake si dawa ya hapo. Akakuandikia uende hospitali, akakuonya kwamba miguu ikifa ganzi au mkojo ukikataa kutoka, siku hiyo usilale nyumbani.

Ulirudi umenuna. Ulimwambia Magdaline kwamba umesafirishwa mpaka Nakuru kupapaswa nyayo tu.

Ndipo ukasikia habari za yule mtu wa Bomet, karibu na soko, anayejiita daktari wa migongo. Magdaline alikusindikiza, na hajasahau. Shuka ya kitanda ilikuwa na jasho la watu wengine, limekauka likawa manjano. Mtu mwenyewe alikuwa anakula chipsi. Alijipangusa mafuta kwenye koti lake jeupe, akakupanda mgongoni kwa magoti, na mgongo ukalia ko. Ulishuka kitandani ukiwa wima, machozi yanakutoka, unacheka kwa kuona sakafu iko mbali. Hapo hapo akakupiga picha kwa simu.

Mtu huyo alizaliwa kwenye chai kama wewe, kwa hiyo alijua pa kukushika. Alikwambia mgongo ni kama shamba lililozeeka. Unaupogoa, unakaa mkavu msimu mzima kama umekufa, halafu unachipuka upya. Wewe uliyepogoa chai maisha yako yote ukaamini. Miguu ilipokufa ganzi, uliwaambia watoto kwamba ndiyo kupogolewa kwenyewe, watulie. Mkojo ulipokataa, ulisema hivyo hivyo. Mkulima akiona chai imebaki vijiti hapigi kelele, anangoja mvua. Ulingoja, Ephantus, mpaka tulipokufikisha hospitali wakatuambia sumu imeshapanda kwenye figo.

Hatukulaumu. Magdaline alikulaumu kidogo, siku zile alipokuwa anakuosha vidonda vya kulala, na wewe unamwomba msamaha kwa sababu ya harufu. Harufu hiyo hakuichukia hata siku moja.

Anachokichukia ni hiki. Mwezi uliopita Morris, kitinda mimba wako, alikwenda ofisi za kaunti Bomet, akapita sokoni, akakukuta umetundikwa ukutani kwa yule mtu. Ni picha ile ile, imekuzwa ikawa kubwa kuliko mlango, umesimama wima, meno yote nje. Chini yake imeandikwa kwamba mzee aliingia amebebwa akatoka akitembea. Uongo mtupu. Uliingia kwa miguu yako, na kubebwa kulikuja baadaye.

Magdaline alijifunga kitambaa chake cha kanisani akaenda mwenyewe. Nje, kwenye benchi, wagonjwa walikuwa wamejaa. Wa kwanza alikuwa mama wa makamo, Chepkurui, ametoka Londiani alfajiri, mkono kiunoni. Magdaline alimsalimia, akamuuliza ni nani aliyemwelekeza hapa. Mama akanyoosha kidole, akakuonyesha wewe.

"Nilitumiwa picha ya huyu mzee kwa simu," akasema. "Nikajua kama yeye alipona, hata mimi nitapona."

"Mama, huyo ni mzee wangu," Magdaline akamwambia. "Tulimzika."

Chepkurui akakuangalia tena, kwa muda mrefu. "Lakini anacheka," akasema.

Magdaline anasema hapo ndipo kinyaa kilipomshika. Miaka yote ulikuwa unawabebea watu mizigo, na sasa uso wako huu unawaita waje kuvunjwa.

Yule mtu alitoka, mikono inang'aa mafuta, akasikiliza kwa heshima yote. Akasema pole mathe, ni kusahau tu. Akaiteremsha picha mbele ya kila mtu, akaikunja. Chepkurui aliinuka akaondoka na Magdaline, na njiani Magdaline alimpa namba ya yule dada wa Nakuru. Wale wengine kwenye benchi walisogea kujaza nafasi yake.

Juzi Dorcus alipita pale. Umerudi ukutani.

Kwa tangazo hili la gazetini tulikuwa tumeandaa picha nyingine, ile ya harusi ya Dorcus, umevaa tai ya Morris na huwezi kunyanyua shingo vizuri. Ndiyo Magdaline anayoipenda, iko kando ya kitanda chake. Ameikataa. Ametuambia tuweke hii ya ukutani, hii ambayo hawezi kuitazama bila kutaka kutapika, kwa sababu ndiyo ambayo watu wanaijua. Anataka anayesubiri kwenye benchi lile na gazeti mkononi akuone hapa, ainue macho akuone pale, halafu asome kwamba umekufa.

Unakumbukwa na mke wako Magdaline Wanjuhi, watoto wako Dorcus na Morris, mkaza mwana wako Shirley, wajukuu wako wote, Kipngeno na watu wa senta, na pia Chepkurui wa Londiani, ambaye hukumjua.

Picha hii si yetu, Ephantus. Sisi daima tutakukumbuka ukiwa umeinama.