Njegere za Mtawa

Jumanne, 8 Septemba 1998. Miezi saba tangu niondoke nyumbani Makamba.

Mke wangu ameandika. Katekista hataki binti yetu asome sayansi, eti wanasayansi wote walimkana Mungu. Anangoja jibu langu kabla shule hazijafunguliwa. Langu mimi, niliyeishia darasa la sita!

Nikawauliza wenzangu tulipokuwa tukipakua saruji kwenye maghala ya mtaa wa Asiatique, hapa mjini. Saidi, Mwislamu, akacheka. "Mutu aliyeleta aljebra alikuwa anaswali, ndugu. We hujui?"

Deo, Mkatoliki, hakukubali kushindwa. "Na aliyegundua kwa nini watoto hufanana na wazazi alikuwa mtawa. Alihesabu njegere bustanini."

"Apana! Nani ana muda wa kuhesabu njegere?"

"Asiye na mke."

Wakaendelea kutajiana wataalamu kama mabao ya mpira, mimi nimebeba mfuko kichwani. Shingo inaniuma hadi sasa.

Deo hakumtaja yule ambaye kanisa lilimfungia nyumbani kwa kusema dunia inazunguka. Mimi namkumbuka, na ananitia wasiwasi kidogo. Lakini hata yeye, mwalimu alituambia, hakuacha kusali.

Basi nimejibu: mwache asome. Katekista atunze hasira zake hadi Krismasi, aje anigombeze mimi. Nitakuwa nyumbani, barabara ikipitika.