Kupima Angani

Jumatatu, 3 Machi

Nimegombana na Shangazi. Ugomvi wenyewe? Gemu!

Duka la kompyuta ni lake, mimi ndiye mpimaji. Fundi akishaunganisha mashine, nakaa, nacheza gemu nzito, nasoma kile kinamba cha pembeni kinachoonyesha mashine inatoa picha ngapi kwa sekunde. Nalipwa kwa kucheza, na mtaa mzima unanionea wivu.

Sasa hizi mashine mpya. Kadi zake za picha ni dhaifu. Nikiingia sokoni ndani ya gemu — mvua, umati, taa kila kona — zinatoa thelathini na kitu, tena kwa kukwamakwama kama mtu mwenye kwikwi. Shangazi kaninyang'anya kipanya, kapanda juu ya paa la ghorofa humo humo ndani ya gemu, katazama angani. Anga tupu! Namba ikaruka hadi mia na arobaini. Akaniambia niandike hiyo kwenye kibandiko cha bei.

Anga haina cha kuchora, kwa nini mashine isikimbie? Hata kikokotoo kingefaulu. Nani ananunua kompyuta akacheze kwa kutazama mawingu? Siandiki ng'o!

Jumanne, 4 Machi

Hanisemeshi. Mlango kaubamiza mara mbili, ya pili kwa makusudi. Vibandiko bado vitupu. Sawa tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mteja mkubwa! Mkunga mstaafu, yule aliyezalisha nusu ya mtaa huu, mimi nikiwemo. Kiinua mgongo chake chote anakitia kwenye ukumbi wa gemu. Anataka mashine ishirini. Anasema watoto hawana subira, picha ikikwama mara moja wanahamia kwa jirani na hawarudi.

Shangazi kila neno "dada yangu". Wamekubaliana aje Jumamosi azione zikifanya kazi.

Nilimtazama mama wa watu akitoka, anacheka peke yake kwa furaha. Roho ikaniuma.

Ijumaa, 7 Machi

Leo Shangazi amenisemesha, tena kwa kirefu. Tulikuwa tunaosha vyombo. Kodi ya duka, mkopo wa benki, mashine zilizojaa stoo. Kasema maduka ya mtaa mzima yanapima angani, mimi nani hadi nipime sokoni? Halafu akaitoa ile ya mwisho: asante ya punda mateke.

Imeniuma. Amenilea tangu mama alipofariki, sikatai. Lakini ni yeye huyu aliyenifundisha kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo anakitembeza mpaka juu ya paa!

Kasema kesho nikifungua mdomo nifungashe virago.

Nimeshafungasha. Begi nitakwenda nalo dukani mwenyewe, asipate hata kazi ya kunifukuza.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hapa hapa dukani, daftari mapajani, begi miguuni. Nimeambiwa nikae nyuma ya meza ya fundi, nisikohoe.

Mkunga amekuja na miwani mipya. Shangazi amemwonyesha mashine: juu ya paa, macho angani, mia na arobaini. Mama wa watu akapiga makofi! Shangazi akaanza kuandika risiti.

Nikasema. Neno moja tu: Mama, hebu teremka sokoni.

Fundi kainamia bisibisi yake. Mkunga akauliza huko sokoni kuna nini. Nikamjibu kuna watu, na mvua inanyesha. Akasema basi huko ndiko watoto watakakokwenda, akauliza ateremke vipi. Nikamwelekeza nikiwa nimekaa.

Sasa hivi yuko sokoni. Picha inakwama, inaruka, inakwama. Kagonga mkokoteni. Kavua miwani, kaifuta, kavaa tena. Tatizo si miwani, mama!

Kauliza polepole kama zote ishirini ziko hivi. Shangazi amevuta kiti, kakaa karibu naye, kachukua kipanya. Anasema labda ni hapo tu, ngoja amwonyeshe vizuri.

Ameinua macho angani tena. Shangazi jamani!

Mkunga ameweka mkono wake juu ya mkono wa Shangazi. Hamgombezi. Anausukuma taratibu, kama alivyokuwa akituliza wajawazito wenye uchungu, na anga inaondoka, paa linaondoka, soko linarudi kidogo kidogo na mvua yake. Namba inashuka. Shangazi hautoi mkono. Wanatazama wote wawili.

Sasa Shangazi amegeuka, ananitazama mimi. Halafu begi.