Nyumba ya Wawindaji Inauzwa na Mwenyewe Hajaambiwa

Falls Church, Virginia
Novemba 1998

Dada yangu Nakijwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kile kikohozi kimekuachia na unapanda mlima kama zamani bila kusimama njiani. Umeniandikia kwamba mama sasa anaona kivuli tu cha mtu na anawatambua kwa mwendo. Niambie kama bado anakwenda mwenyewe asubuhi kwenye migomba, au ameanza kukubali kushikwa mkono. Mimi mwili ni mzima. Baridi imeingia na majani yote ya miti yameanguka. Roho ndiyo imeelemewa, na ndiyo sababu nimechelewa kukujibu.

Swali lako nimelielewa. Mdogo wetu Eliamini anataka kuuza shamba la baba na kumhamishia mama kwake Dar es Salaam, na anataka mama aambiwe kwamba anakwenda kutembea tu. Mnangoja neno langu kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kiume wa kwanza. Kama ungeniuliza mwezi wa nane ningekujibu siku ile ile, kurasa nne za matusi kwa Eliamini, na wewe ungezificha chini ya godoro kama ulivyokuwa ukificha magazeti yenye makala zangu ili baba asiyaone. Lakini tangu wakati huo jambo hilo hilo limempata mzee mmoja wa hapa, Mzungu na tajiri, nami nilikuwa chumbani. Kwa hiyo nivumilie nisimulie kwanza.

Unajua kwamba kazi yangu hapa ni kutunza wazee. Mtu aliyewahi kuandika kwamba waziri fulani hafai hata kuchunga bata, sasa anamvisha mzee soksi. Sioni aibu, soksi ni kazi ya haki kuliko uwaziri. Mwaka huu nilipata kazi ya kulala huko huko, mwendo wa saa moja na zaidi magharibi ya hapa, ambako nyumba zinaisha na mashamba ya farasi yanaanza. Mzee mwenyewe anaitwa Tolliver. Miguu imekufa, kichwa kizima. Nilikaa naye siku za kazi, na Ijumaa jioni alikuja kunipokea dada mmoja Mkenya, Wambui, mtu wa Nakuru anayeishi Springfield.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya kale, na ilijengwa kwa ajili ya uwindaji. Ina mazizi ya farasi marefu kuliko shule yetu ya msingi na mabanda ya mbwa yenye sakafu ya saruji. Kila ukuta una picha za mababu wake wamevaa makoti mekundu juu ya farasi. Wanachowinda ni mbweha, mnyama mdogo kuliko mbwa wa kwetu. Watu arobaini juu ya farasi, mbwa wasiohesabika, mbweha mmoja.

Wambui aliponiuliza siku ya kwanza picha hizo ni za nini, nilimweleza.

"Halafu wanamla?"

"Hawamli."

"Hata supu?"

"Hata supu."

"Sasa wanamkimbiza ya nini? Alikopa?"

Dada, nilicheka, lakini usiku ule hasira ilinizuia kusoma. Baba yetu alikamatwa na mguu mmoja wa swala, wa kutulisha sisi, kule chini walikofanya hifadhi, akaitwa jangili na kulala mahabusu. Huyu hapa baba yake aliua bila njaa maisha yake yote na picha yake imewekwa fremu ya dhahabu. Mnyama wa porini ni mnyama wa porini. Ukiwa na njaa wewe ni mhalifu, ukiwa umeshiba wewe ni mwanamichezo. Nilimwambia mzee maneno hayo usoni wakati namnyoa. Akasubiri niondoe wembe, kisha akasema, "Nimelipa watu wengi wanipende. Wewe ndiye wa kwanza ninayemlipa anitukane." Tangu siku ile tulikuwa tukibishana kila asubuhi, naye akawa anaamka mapema kwa ajili hiyo.

Mwezi wa tisa bango la kuuza likasimamishwa getini. Dalali alichapisha kijitabu cha picha: msitu, mto, mazizi, historia ya vizazi. Mahali pote pamo humo, isipokuwa mzee aliyelala ghorofani. Binti yake, Bi Carol, alinivuta jikoni. Wanunuzi wakija, alisema, nimpeleke baba yake bustanini nyuma, na akiuliza nimwambie ni wageni wa msimu wa uwindaji.

"Yeye hajui?" nikauliza.

"Nikimwambia atakufa," akasema. "Mwache afe akiwa na nyumba."

Nikarudi ghorofani kwa mzee, na wewe unajua kunyamaza kwangu si kukubali.

Mara ya kwanza wanunuzi walipokuja, kabla sijamshusha bustanini, mzee alisikia kabati zikifunguliwa. "Wageni gani hawa wanaofungua kabati zangu?" Nikakaa kitandani kwake, jambo ambalo siruhusiwi, nikamwambia nyumba inauzwa na anayeiuza ni binti yake.

Akaniuliza, "Nani kakutuma uniambie?"

"Hakuna. Kwetu shamba haliuzwi hivyo. Mwenye shamba anatoka na mnunuzi na majirani, wanatembea mpaka wote, sale kwa sale. Sale ni mmea wa mpakani, haung'olewi. Asipotembea, hajauza."

"Na majirani wa nini?"

"Kushuhudia."

Akafumba macho. Nilidhani analia. Kumbe anapiga hesabu. Akasema, "Ijumaa nitembeze."

Nikafurahi, dada. Nilidhani nimempa njia ya kuaga. Ijumaa Wambui alipofika, tulimvalisha koti zito tukampandisha kwenye kiti cha magurudumu. Wambui alilalamika njia nzima. "Wewe Mtanzania uko na kichwa ngumu. Mimi niko na watoto wawili wanasoma. Tukifutwa kazi, utawalipia na mila zenu za huko?" Lakini alisukuma, tena kuliko mimi, kwenye nyasi zenye maji na matope.

Tulifuata ukuta wa mawe. Mzee alijua kila pengo ambalo farasi aliwahi kuruka na kila mtu aliyevunjika bega hapo. Chini ya msitu tukapita makaburi ya mbwa, mawe meupe yaliyochongwa majina. Hatua chache mbele yake, kwenye vichaka, kulikuwa na mawe ya kawaida yamesimamishwa ardhini, hayana kitu. Nikauliza ni nini.

"Ni watu waliojenga ukuta huu," akasema.

"Watumwa."

"Watumwa."

"Majina yao?"

"Baba yangu alijua mawili. Mimi sikumwuliza."

"Mbwa wana majina," nikasema.

Wambui akanitazama kwa jicho kali.  Mzee aliniomba nisimamishe kiti, akavua kofia. Sikumwonea huruma wakati ule, nakuambia kweli. Nilitaka aendelee kukaa pale, kofia mkononi, mpaka baridi imwingie mifupani. Ni Wambui aliyesukuma kiti.

Tulimalizia getini, penye bango la dalali. Mzee akasema, "Ling'oeni."

"Samahani?"

"Nimetembea mpaka wote. Mnunuzi hakutembea nami. Basi halijauzwa. Ndivyo ulivyosema."

Wambui alicheka akashika kiuno. "Haya, mwalimu. Umemfundisha, sasa jibu mtihani."

Nikaling'oa. Ungeniona, dada, mtu wa miaka hamsini na mbili, suruali imejaa matope, nimekumbatia bango la watu. Mzee aliimba mpaka nyumbani. Alikula nyama, akaomba nyingine.

Tulikuwa tumechelewa, nikalala huko, na Jumamosi asubuhi, kabla sijaondoka, Bi Carol akaja. Baba yake alimpokea kitandani amevaa koti jekundu la uwindaji, ambalo Wambui alilitoa sandukuni kwa amri yake. Akamwambia, "Halijauzwa. Mwulize huyu." Na akanielekeza kidole mimi, kama mtu anavyomwonyesha wakili wake.

Bi Carol alifungua mkoba akatoa karatasi za mahakama. Zilisema kwamba yeye ndiye mwenye kauli juu ya mali yote ya baba yake, tangu mwaka juzi alipolazwa hospitali hajitambui. Alimsomea polepole, bila ukali. Mzee aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye. Alikuwa akingoja niseme kitu. Nimebishana na wakuu wa wilaya, na maaskofu, na baba yetu mwenyewe, na sijawahi kukosa neno. Siku ile sikuwa na hata moja.

Ngazini Bi Carol alinisimamisha. Nilikuwa tayari kwa vita, nimeshapanga sentensi. Akasema, "Unafikiri mimi sikulia? Nilizaliwa chumba kile. Paa linavuja, yeye anahitaji watu watatu kumgeuza, na mimi ni mmoja. Nilitaka aondoke bila kujua. Wewe umempa tumaini, na umeniachia mimi kazi ya kumnyang'anya." Kisha akaniambia nisirudi Jumatatu. Wambui alibakishwa, namshukuru Mungu kwa hilo.

Wiki iliyofuata mzee alipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Springfield, karibu na mahali barabara kuu zinapokutana. Sasa nafanya kazi kwenye gereji ya kuegesha magari hapa Falls Church, na Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona. Wamemweka dirishani. Kutwa anasikia malori. Amekonda, na mashavu hayajanyolewa vizuri, nikaomba wembe nikamnyoa mwenyewe. Nilimtukana kidogo kuhusu mbweha ili nione kama atajibu. Akageukia malori. Nilipokuwa nafunga zipu ya koti langu akaniuliza, "Wametembea?"

"Nani, mzee?"

"Walionunua."

Wambui alikwisha kuniambia kwamba mkataba umetiwa sahihi na hakuna aliyekanyaga hata upande mmoja wa mpaka. Nikasema, "Hawajatembea."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi bado."

Nililia kwenye basi, dada, mbele ya watu, mpaka mama mmoja wa El Salvador akanipa kitambaa.

Nimefikiri sana tangu hapo. Sijutii kumwambia. Mtu aliye hai hazungukwi kama maiti. Lakini nilichukua mila yetu nikaiacha nusu. Kwetu mwenye shamba hasemi "halijauzwa" peke yake. Nyuma yake wamesimama majirani wa mipaka, nao wakigoma kushuhudia, mnunuzi anarudi na pesa yake. Mzee Tolliver nilimpa maneno, majirani sikumpa. Wa kwake wote wako mbali nyuma ya kuta zao, na mimi ni mgeni wa kulipwa. Nilimwamsha mtu nikamwonyesha kwamba hana sauti katika nyumba yake, kisha nikafukuzwa, yeye akabaki na uchungu huo.

Sasa kuhusu mama. Namwelewa Eliamini kuliko nilivyopenda kumwelewa. Mama haoni, wewe unaumwa kifua, na ukianguka siku moja nani atampa hata maji? Eliamini si mwizi. Amechoka, na mtu aliyechoka huanza kuona ukweli kama mzigo wa kumbebea mwingine. Mwambie nimesema hivyo, na kwamba simtukani.

Lakini jina langu halitaingia kwenye karatasi yoyote mpaka mama aambiwe, na aambiwe mbele ya watu wenye nguvu ya kumsaidia kukataa. Waiteni majirani wa mpaka wa juu na wa chini, na mchungaji awepo. Mwambieni kila kitu: anayenunua, bei, chumba atakacholala Dar. Kisha mumwulize. Akikataa, shamba linabaki, na Eliamini na mimi tutatafuta namna nyingine ya kumtunza, hata kama ni mimi kurudi. Akikubali, nitanyamaza, na ninyi mtakuwa mashahidi kwamba niliwahi kunyamaza. Asiulizwe kama swali la adabu tu ambalo jibu lake mnalo mfukoni. Hilo ndilo siwezi kulivumilia mara ya pili.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, nitapiga simu ofisini kwa mchungaji. Mleteni mama. Nitamwuliza mwenyewe, kwa Kipare, kisha nitanyamaza nimsikilize mpaka kadi ya simu iishe.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, na umwambie koti lake bado linanikinga baridi. Nisalimie shangazi yetu mkubwa wa kule bondeni, mjomba anayetengeneza redio, na mama mdogo aliyetulea wakati baba yuko mahabusu. Binti zako nawabusu. Eliamini msomee barua hii yote, usiruke mahali.

Mungu awalinde mlipo, na mimi anipe jibu la mama nikiwa na moyo wa kulipokea.

Ni mimi mdogo wako,
Elitwaza