Kioo Nilichokichagua Nimekaa Kitako

Mama,

Mzigo haukurudi! Naanza na hilo, maana najua ungeniuliza kabla hata ya salamu. Mikeka yote imepokelewa na mteja ameomba mingine. Kipungani nzima inajua, na asiyejua nimemfuata mlangoni kwake nikamwambia.

Ulituacha wakati wa aibu, Mama. Mjukuu wako Thureya alichora mikeka kwenye kompyuta yake ndogo, mteja akachagua, sisi wanawake tukatia rangi ukindu na kusuka. Kumbe kioo cha kompyuta ile kilikuwa kikimdanganya. Alichokiona yeye chekundu, kwa mteja kilikuwa zambarau. Mzigo ukarudishwa wote. Wenzangu wakaniambia wazi, "Bi Rukia, mzigo ukirudi mara ya pili, utuhisabu hatumo." Ukafa hujaona tukijitoa katika aibu ile. 

Basi tukaenda Mombasa kutafuta kioo kipana, mkeka uonekane wote kwa mara moja, usivutwe kipande kipande. Muuzaji, bwana mzima mwenye miwani, akaona ndara zangu, akazungumza na Thureya tu. Hiki aina ya TN, hiki VA, hiki IPS, hiki OLED. Mimi nikakumbuka neno lako: "Mgeni haujui mkeka akisimama. Kaa kitako uutazame."

Nikakaa. Sakafuni, dukani, mchana kweupe.

"Mama, inuka, watu watutazama!" Thureya akaniambia.

"Na watazame, si wana macho? Weka picha ya mkeka wa bibi yako kwenye vioo vyote."

Mama, kile cha TN nikikitazama kutoka chini kiligeuka giza, sura yote ikaharibika. VA kilikuwa na weusi wa wanja, mashallah, lakini nilipojisogeza pembeni rangi ikapauka kama ukindu uliosahauliwa juani. Cha OLED kilinishika moyo, nisiseme uongo. Ila Thureya akasema picha ikikaa palepale siku nyingi huweza kuacha alama. Kama mkeka uliokaliwa na sanduku! Na yeye mkeka mmoja huuchora wiki nzima. Kikabaki IPS. Weusi wake una kijivu kidogo, lakini nilikwenda kushoto, nikaja kulia, nikainama, na nyekundu ikabaki nyekundu.

"Hiki," nikasema.

Yule bwana akavua miwani. "Bi, kazi ya vioo umejifunzia wapi?"

"Kipungani!"

Tulipofika nyumbani Thureya akakirekebisha rangi huku ameshika ukindu wetu kando yake, na mteja tukampelekea vipande vya ukindu uleule afananishe kwa macho yake. Msichana yule! Sijisifu, nasema kweli tu: hana mfano visiwani humu.

Sasa sikiliza. Mchoro alioupenda mteja ni wa mkeka wako, ule uliouacha hujaumaliza, sindano ingali ndani. Sikuwahi kuugusa. Thureya aliufuata mkono wako akachora sehemu iliyobaki, na siku kioo kilipowashwa nikauona umekamilika, kutoka ncha hadi ncha. Nikatafuta mahali ulipoishia wewe. Mama, sikupaona.

Mola alinawirishe kaburi lako. Kesho baada ya Alasiri naichukua sindano yako, nami nitaushona mkeka wako hadi ukingoni. Kisha nitakaa kitako niutazame.

Mwanao,
Rukia