Bendera Uliyomshonea Thandi

Mama yangu,

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike Louisville, huku Marekani. Mimi siku hizi niko Buffalo, kwenye baridi uliyoapa hutaikanyaga. Nakuandikia kukushukuru, na kukiri jambo nililokuficha.

Unamkumbuka Thandi, yule muuguzi wa Afrika Kusini aliyeanza kusali kanisani kwetu? Ulitaka kumkaribisha kwa bendera ya kwao. Ukafungua atlasi kuukuu uliyoinunua kwenye duka la mitumba mtaani South End, ukacheka: "Ona, Zaïre yetu iko humu!" Hapo ningepaswa kushtuka kwamba atlasi imepitwa na wakati, maana Zaïre yenyewe ilikwisha kitambo. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye simu. Ukashona wiki nzima, kila ukitoka kiwandani: rangi ya chungwa, nyeupe, buluu, na katikati vile vibendera vitatu vilivyokuumiza macho.

Thandi alipoikunjua mbele ya waumini, uso ulimshuka. Akanieleza kwa Kiingereza kwamba rangi zile asili yake ni Waholanzi walioitawala zamani Rasi, ile ncha ya kusini ya nchi yao. Makaburu wakazifanya bendera ya nchi, na chini yake baba yake alidaiwa kibali cha kutembea katika mji aliozaliwa. Ilishushwa mwaka ule watu weusi walipopiga kura pamoja na wote.

Nilikutafsiria. Ukamshika mikono yote miwili. "Umuambie anisamehe. Bon, kosa iko ya mikono yangu, haiko ya roho."

Mama, sikusema hivyo. Watu walikuwa wanatutazama, nikaona aibu kuwa mwanao. Nilimwambia, "Msamehe bure, hakusoma, hajui kitu." Akakukumbatia, nawe ukanigeukia na machozi: "Aksanti, mutoto wangu. Bila weye ningesema naye namna gani?"

Ile asante yako imenitafuna miaka yote. Lakini pia imenilea. Leo natafsiri hospitalini, na kila mama anayenipa neno lake nalifikisha lilivyo, hata likiwa la aibu. Kazi hii nimeipata kwako, na nakushukuru kwa moyo wote.

Jumapili nilimpigia Thandi, amehamia Columbus. Nikamwambia maneno yako, yote. Akasema, "Siku ile nilikuwa namtazama mama yako. Wewe sikukusikiliza."

Basi ulieleweka, mama, hata mimi nilipokukana. Nisamehe. Pumzika ukijua kwamba kanisani mle hakuna aliyekuona mjinga ila mimi.

Mwanao wa kwanza