Duara Lisilo na Jina Langu

Mjukuu wangu Zawadi,

Pokea salamu za nyumbani. Babu yako anakohoa lakini anakula, na mdogo wako amefaulu mtihani. Nimefurahi kusikia umepata chumba Al Mansoura, hapo Doha, mtaa ninaoujua vizuri.

Umeniuliza kama niliogopa nilipogombea uwakilishi wa wadi. Niliogopa, na mara ya pili zaidi. Sababu iko hukohuko Doha.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili, wasafishaji wa hoteli, na meneja alikuwa ameshikilia pasipoti zetu. Tukaandika barua ya kuzidai. Nikaweka mfuniko wa sufuria juu ya karatasi, nikachora duara, na wenzangu wakasaini kulizunguka ili asijulikane wa kwanza. Kalamu ilipofika kwangu nikasema nitasaini asubuhi. Asubuhi niliisukuma barua chini ya mlango wa meneja bila jina langu.

"Nani kaanza?" alifoka. Nikainama, nikaendelea kusugua sakafu.

Pasipoti zilirudishwa. Tuliporudi nyumbani, mwenzetu Mwanaisha ndiye aliyeninadi kwenye kampeni zote mbili: "Mchagueni huyu! Ndiye aliyetuchorea duara!" Watu walishangilia, nami jukwaani nikiogopa mtu mmoja tu aulize jina langu lilikuwa upande gani.

Nilishinda zote mbili, na hakuna aliyeuliza. Jana Mwanaisha alikuja kunijulia hali. Nilipomwona mlangoni, nilidhani hatimaye amekuja kuuliza.

Ni mimi bibi yako