Nilimwaga Oili Ili Poni Asiondoke

Jumapili, jioni. Ediofe, hapa Arua. Hakuna upepo kabisa. Vumbi la Koboko bado liko masikioni mwangu na sina hamu ya kuoga.

Nyinyi mnaonisoma hapa mnanijua. Mimi ni mtu wa dunia. Nimepeleka lori Juba wakati wenye digrii zao walikuwa wamejificha chini ya vitanda. Nimekula samaki Mombasa, nimelala Bunia, nimegombana na watu wa forodha wa nchi nne na wote nikawaacha wanacheka. Shule niliacha Senior Two, kidato cha pili, lakini nipe giaboksi gizani nitakuambia meno yake yana afya gani. Nikishasema hivyo, kawaida naweka picha: mimi nimeegemea Ndovu, gari langu la foo-wili, miwani usoni, tumbo nimelivuta ndani.

Leo hakuna picha.

Poni ameenda kwao.

Alhamisi alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa kwamba anataka kurudi kwao Abuku, na kwamba kesho yake atatafuta boda impeleke stendi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nikamwambia mke wangu hatapanda boda na mizigo kama mtu aliyefukuzwa, nitampeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Halafu nikaongeza haraka: ila Ndovu hawezi kutoka sasa, oili ya giaboksi imezeeka, ya transfa inayogawa nguvu mbele na nyuma imezeeka, ya difu mbili za kwenye ekseli ndiyo usiseme. Lazima nimwage zote niweke mpya.

Oili ilikuwa imezeeka kweli. Lakini Ndovu angefika Abuku nayo, akarudi, akaenda Juba. Nilikuwa natafuta siku tu.

Sababu ya yeye kutaka kwenda naijua. Jumapili ya wiki iliyopita baba zangu wadogo walikuja kutoka Dadamu, wamevaa makoti. Tumeoana miaka mingi na Poni na hatujapata mtoto, basi wazee wakasema yale ambayo wazee husema: ongeza mke. Poni alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Mimi nikaona uso wa kila mtu umekuwa mgumu, na uso mgumu siuwezi, lazima niufungue. Nikasema, "Nitaoa wa pili siku nikipata mwanamke anayejua kufungua difu. Huyu wa kwanza anajua kupiga pampu ya oili tu!"

Wazee walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Nilijiona shujaa. Nimewakatalia bila kuwakatalia, nikafikiri. Mtu wa dunia.

Ijumaa nilizunguka mji mzima nikitafuta oili ambayo duka la kwanza lilikuwa nayo. Nikainunua kwenye duka la mwisho. Jumamosi sikuwa na uongo mwingine, nikampasha Ndovu moto kidogo ili oili iwe nyepesi, nikampandisha juu ya stendi za chuma, nikaingia chini na spana.

Kazi hii ina sheria moja na nimewafundisha hapa mara nyingi: kabla ya kufungua nati ya chini ya kumwagia, fungua kwanza ile ya juu ya kujazia. Ukimwaga yote halafu ya juu ikakataa kufunguka, una gari tupu uani. Jana nililala chini ya Ndovu nikiiangalia ile nati ya juu ya giaboksi, nikaiomba ikatae. Niliigusa mara moja tu.

Ikafunguka kama chupa ya soda.

Oili ikatoka nyeusi. Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani anayeuza vitenge, akachungulia juu ya ua. "Injinia! Leo tena uko chini ya ule muke mukubwa?" Huo ni mchezo wetu wa kila siku, yeye humwita Ndovu mke mkubwa, mimi humjibu kwamba mke mkubwa hanuniani nami. Jana niliendelea kuangalia oili ikitiririka. Akasema, "Eh, mutu huyu iko mugonjwa," akarudi ndani.

Kumwaga unaweza peke yako. Kujaza ni kazi ya watu wawili. Mmoja anapiga pampu ya mkono juu, mwingine analala chini, anashika mpira wa pampu kwenye tundu na kungoja oili ianze kurudi. Ikirudi, imejaa. Katika nyumba hii mwenye pampu amekuwa Poni siku zote. Nilikuwa nimejipanga kusema kwamba sina mtu wa pampu, kwa hiyo safari imekufa. Kabla sijafungua mdomo nikaona miguu yake pembeni mwa gurudumu. Alikuwa ameshavaa lile gauni lake la kazi.

"Leta mupira," akasema.

Akapiga pampu. Kama kawaida yake: polepole, bila kuruka. Giaboksi ikajaa, oili mpya ikaanza kurudi, ikateremka kwenye mkono wangu mpaka kwapani.

"Imejaa?"

"Bado," nikasema.

Akapiga tena. Oili ikaingia shingoni.

"Dereva." Ananiita hivyo tangu siku ya kwanza. "Naona iko inamwagika."

"Ni ile ya zamani."

"Ya zamani iko nyeusi. Hii iko kama asali."

Pampu ikasimama. Mimi namwona miguu tu, yeye hanioni kabisa. Labda ndiyo maana nikaweza kumuuliza. "Poni, ni maneno ya wale wazee?"

"Wale ni wazee, kazi yao kusema. Mimi nilisimama na chai, nikangoja wewe useme kitu. Ukasema. Watu wakacheka."

"Ilikuwa mchezo."

"Najua. Wewe yote iko mchezo. Mimi natafuta bwana yangu, napata watu wanacheka tu. Funga nati."

Nikafunga nati. Tulifanya transfa, tukafanya difu ya mbele, hatukusema kitu kingine ila "piga" na "imejaa". Nilijibu ukweli kila mara. Nilipotambaa kwenda nyuma, akasema difu ya nyuma itafika hivyo hivyo na oili yake ya zamani, akaipangusa pampu kwa kitambaa, akairudisha kwenye gunia lake, akaenda kufunga nguo.

Leo baada ya misa tukaondoka.

Nilikuwa na tumaini moja la kipumbavu, kwamba Ndovu angekufa njiani. Miaka yote amekuwa akilia kama ng'ombe mwenye kiu, hasa akipanda mlima kule Maracha. Leo kimya. Gia ziliingia zenyewe. Hata ule mtikisiko wa chini ya kiti umekwisha. Mtu anayejisifu kwa kazi yake, leo nimelaani kazi yangu kila kilomita, na Poni anatazama mashamba ya mtama upande wake. Tulipoacha lami kuingia Abuku aliniambia neno moja tu: "Imekuwa laini."

Shangazi yake aliyemlea akatoka jikoni akifuta mikono. Mimi ni Mlugbara, Poni ni Mkakwa. Kati yetu lugha imekuwa Kiswahili, kila mtu alikuja nacho cha kwake na tukakichanganya. Pale kwao wakaongea Kikakwa, na mimi nikasimama kando ya gari nikitabasamu kama mgeni wa harusi. Kaka zake wakatoa mizigo. Yote. Shangazi akaihesabu kwa macho, akanigeukia.

"Mukwe. Umeleta yeye kutembea, ama umerudisha yeye?"

"Nimemsindikiza tu, mama."

"Mutu anasindikiza mugeni. Hapa kwetu, muke akikasirika anakuja na miguu yake. Halafu bwana anakuja nyuma na wazee yake, tunakaa, tunagombana kidogo, tunakula, anarudi naye. Hiyo ndiyo tunajua. Sasa wewe umeleta yeye na mikono yako, na vitu yote, na gari imeoshwa. Tutakaa tuseme nini?"

Mimi nilidhani ni heshima. Naapa. Nilidhani mume mwema hamwachi mkewe kula vumbi nyuma ya boda.

Mizaha ilikuja mdomoni yenyewe, mitatu, minne, mmoja mzuri sana. Nikaimeza. Poni alikuwa ameshika sufuria, ananitazama. Anangoja, vile vile alivyongoja na sinia ya chai. Nikatafuta chini ya ile mizaha neno lingine, nikakuta hakuna lililokuwa tayari.

Nikapanda gari.

Shangazi akaingia ndani. Poni akasogea mpaka dirisha la gari. "Enda na mchana, Dereva. Taa ya kushoto iko dhaifu." Akaenda.

Nimerudi Arua na gari zuri kuliko magari yote ya mkoa wetu wa West Nile. Anayetaka na alisikilize.

Sasa nimekaa uani. Pampu iko kwenye gunia, safi. Kopo la oili ya difu ya nyuma liko kando ya ukuta, limefungwa bado. Ningeweza kuita mtu yeyote barabarani ashike pampu. Sitaki. Ikae na oili yake ya zamani.

Jumamosi ijayo nitamwomba baba mdogo yule aliyemwaga chai aende nami Abuku. Bila Ndovu. Tutapanda basi mpaka Koboko, kisha boda, na pale njia inapoingia kwenye boma lao tutashuka tutembee, ili watu waone mwanamume anakuja kwa miguu yake. Huenda wakasema tumechelewa. Huenda Poni asitoke jikoni.

Neno la kusema nimelipata, njiani, kwenye mteremko wa Maracha, lilikuja peke yake kwa sababu gari halikuwa na kelele. Poni ananitosha. Maneno mawili. Hata aliyeacha shule Senior Two anaweza kuyasema. Ndiyo niliyotakiwa kuwaambia wazee, na ndiyo niliyotakiwa kumwambia shangazi. Tangu nifike nayasema kwa sauti hapa uani, na Mama Furaha amechungulia mara mbili, hakunitania.

Mimi najua kusema kitu watu wacheke. Hilo sijawahi kushindwa, nchi nne. Lakini nikishasema hili, wazee wote kimya, hakuna hata mmoja anayecheka, Poni mlangoni ananitazama, je, nitaweza kuliacha lisimame hivyo, bila mzaha?